Darubini ya milimita 130 kwenye paa la Mji wa Kale: kioo ni cha kweli, stendi si ya kwetu

Mimi ni fundi saa. Meza yangu iko Mji wa Kale wa Mombasa, na tangu mwaka 2001 nimekaa nayo nikiwa nimebana lenzi jichoni, nachungulia magurudumu yenye meno kama chembe za mchanga na kamani nyembamba kuliko unywele. Kwa hivyo nikisema chombo fulani kimetengenezwa vizuri au vibaya, nayasema hayo kwa macho na mikono inayofanya kazi hiyo kila siku. Na hii darubini nimeitumia miezi saba, karibu kila usiku ambao mawingu yameniruhusu.

Niliinunua Julai 2025 kwa shilingi 31,500, katika duka moja la mjini ambalo sitalitaja. Muuzaji alikuwa mtu mwema, ila hakujua anachouza. Boksi lilijaa picha za mawingu ya angani ya rangi ya waridi na buluu, na kwa maandishi makubwa limeandikwa kwamba inakuza mara 675. Wacha nianze hapo, maana hapo ndipo wengi wanapoliwa pesa zao.

Kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya mwanga. Ni kama pipa la kukinga maji ya mvua: mdomo ukiwa mpana, maji huwa mengi. Mboni ya jicho la kijana, gizani, hufunguka kama milimita 7. Kioo cha darubini hii kina upana wa milimita 130. Ukipiga hesabu ya eneo, kinakusanya mwanga zaidi ya mara 340 kuliko jicho tupu, na nyota ambazo kwako hazikuwapo zinakuwapo. Kukuza kunakuja baadaye na kuna mpaka wake: kwa kioo kizuri ni kama mara mbili kwa kila milimita ya upana, yaani hii yangu haiwezi kupita mara 260 kwa maana yoyote. Hiyo 675 ya kwenye boksi ni picha kubwa ya ukungu. Na kwa hewa yetu ya pwani, nzito ya chumvi na joto linalopanda kutoka kwenye mabati ya majirani, mimi nakaa kwenye mara 26 na mara 65, na usiku uliotulia sana mara 130. Ukienda dukani, usiulize inakuza mara ngapi. Uliza kioo chake kina upana gani. Wakishindwa kukujibu, pima mdomo wa bomba kwa rula.

Sasa kioo chenyewe. Usiku wa kwanza nilielekeza kwenye nyota moja kali, nikauvuruga mwonekano kwa makusudi, nyota ikatanuka ikawa duara la mwanga lenye pete ndani ya pete na tundu jeusi katikati, kivuli cha kile kioo kidogo cha mbele. Kama vioo vimekaa sawa, tundu huwa katikati kabisa. Langu lilikuwa limesogea upande mmoja, kama kiini cha yai la kukaanga lililomwagwa vibaya. Nyuma ya bomba kuna skrubu tatu. Nikachukua bisibisi, nikazungusha robo, nikatazama, nikarudisha nusu ya robo, nikatazama. Dakika ishirini hivi, tundu likakaa katikati na pete zote zikalizunguka sawasawa kama mawimbi ya jiwe lililotupwa kisimani. Nikaurudisha mwonekano, na ile nyota ikawa nukta. Nukta safi, isiyo na mkia wala mabawa. Nimetengeneza saa za bei kubwa ambazo kazi yake haikunipa furaha ile. Mtu aliyesugua kile kioo, popote alipo, aliifanya kazi yake kwa uaminifu.

Stendi ni habari nyingine.

Hii darubini inakuja na stendi ya miguu mitatu yenye kichwa cha kuinama, mkono wa chuma na uzani kama wa mizani. Wazo lake ni zuri sana. Dunia inazunguka, kwa hiyo nyota zote zinaonekana kuhama. Ukilaza mhimili mmoja wa stendi uwe sambamba na mhimili wa dunia, basi unazungusha kifundo kimoja tu na nyota inabaki machoni pako. Kitabu cha maelezo kinakuambia: tafuta Nyota ya Kaskazini, elekeza mhimili huko. Nikapanda juu, nikatafuta. Nikatafuta usiku wa pili. Halafu nikakaa chini nikafikiri kidogo, nikaona kosa liko wapi. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta. Nyota ya Kaskazini kwetu iko chini ya upeo wa macho, haipandi hata siku moja. Kitabu kimeandikiwa watu wa Ulaya na Marekani, na aliyekifasiri kwa lugha sita hakukumbuka kwamba kuna binadamu wanaoishi huku.

Si kitabu peke yake. Kwa nyuzi 4, ule mhimili inabidi ulale karibu sawa na sakafu, ukitazama kusini. Nilipoulaza, ule mkono wa uzani ukagonga mguu wa stendi, na bomba likawa haligeuki upande wa magharibi. Nilifungua, nikageuza miguu, nikafunga tena, haikukubali. Nilirudi dukani, nikaambiwa stendi zote ni hizo hizo.

Basi nikamwendea fundi seremala wa jirani. Nilikuwa nimesoma habari za John Dobson, aliyewahi kuwa mtawa huko San Francisco, ambaye kuanzia miaka ya 1960 alikuwa akitengeneza darubini za mbao na kuzitoa barabarani ili kila mpita njia achungulie bila kulipa. Stendi yake ni sanduku tu: chini linazunguka kama sinia, juu bomba linainuka na kushuka kama mzinga wa pale Ngome. Haihitaji Nyota ya Kaskazini wala nyota ya kokote. Fundi alinitengenezea kwa plaiwudi nzito, nikamlipa shilingi 3,800 pamoja na vipande vya plastiki laini vya kutelezea. Siku niliyoiweka bomba juu ya sanduku lile, darubini ikawa nyingine. Unaisukuma kwa kidole kimoja na inakaa pale ulipoiacha. Kama unanunua leo, tafuta ile inayouzwa na sanduku lake tangu mwanzo, zipo za kuweka juu ya meza. Mwenye stendi ya kuinama asikate tamaa, amuone seremala.

Wa kwanza kualikwa alikuwa mamangu. Ana miaka sabini na minane na magoti yake hayapendi ngazi, lakini alipanda. Nilimwekea sayari ya Zohali. Mwaka 2025 pete za Zohali zilikuwa zimetugeukia ubavu, kwa hivyo hazikuonekana kama kwenye picha, bali kama mstari mwembamba uliopita katikati. Alichungulia akanyamaza. Kisha akasema, "Mbona ni kama ushanga umetiwa sindano?" Sijasikia mtu aliyeieleza vizuri zaidi. Nikamwambia ile sindano ina urefu wa zaidi ya kilomita 270,000 kutoka ncha hadi ncha, na unene wake sehemu nyingi hauzidi makumi ya mita, kama jengo la ghorofa chache. Akasema, "Subhanallah," akachungulia tena, na mara hii hakutoka haraka. Habari njema kwa wanaonunua sasa ni kwamba pete zimeanza kufunguka tena na zitaendelea kutanuka kila mwaka hadi mwanzoni mwa miaka ya 2030.

Halafu ukaja usiku wa tarehe 7 Septemba, katikati ya Mfunguo Sita, siku za maulidi. Mwezi ulipatwa wote. Nilikuwa nimeishusha darubini hadi barazani, maana watu wangekuwa wengi na paa letu si la kubeba umati. Mawingu ya kusi yalikuwa yakipita vipande vipande. Saa mbili na nusu usiku ukingo wa mwisho wa mwangaza ukazimika na mwezi ukabaki umening'inia kama shaba iliyotoka motoni, ukakaa hivyo hadi saa nne kasoro dakika nane. Dakika 82. Wengine walikwenda kwenye sala ya kupatwa kwa mwezi, wakarudi wakaukuta bado mwekundu. Foleni ilifika kona. Kuna kijana wa bodaboda alizima pikipiki yake, akachungulia, akauliza ule wekundu unatoka wapi ikiwa dunia imelikinga jua. Swali la maana kabisa. Nikamwambia: hewa ya dunia inapinda mwanga wa jua pembezoni, na mwanga mwekundu ndio unaoponea kupita. Kwa hivyo anaouona pale ni wekundu wa mapambazuko yote na machweo yote ya dunia wakati ule ule, umemulikwa kwenye mwezi. Akachungulia tena bila kuvua kofia ya chuma.

Kwa siku za kawaida mwezi usiutazame ukiwa mpevu, unakuwa bapa na unaumiza jicho. Utazame siku ya saba au ya nane, pale giza na nuru vinapokutana, vivuli vikiwa virefu. Siku ya tisa au ya kumi utaona shimo linaitwa Copernicus, duara lenye kuta za ngazi ngazi na vilima katikati. Upana wake ni kilomita 93. Ukitoka hapa Mombasa kwa mstari kuelekea kaskazini, unaipita Kilifi na hujafika ukuta wa pili. Na pale kwenye jicho lako ni kama kitufe cha kanzu.

Lakini kilichoniteka mimi kama fundi saa ni Mshtarii. Januari 2026 sayari hiyo ilikuwa karibu nasi kuliko siku zote za mwaka, ikipita juu usiku kucha. Hata kwa mara 26 unaiona ni duara, si nukta, na kwa mara 65 unaona mikanda miwili ya rangi ya chai ya maziwa. Kando yake kuna nukta nne kwenye mstari mmoja, miezi ile ambayo Galileo aliiona mwaka 1610. Ukitazama saa mbili usiku na ukarudi saa sita, zimehama. Ule wa ndani kabisa, Io, unamaliza mzunguko wake kwa saa 42 na nusu hivi. Ni akrabu za saa, zinakwenda bila kamani wala betri, na hakuna anayezitia mafuta.

Watu wa zamani waliliona hilo pia. Walitengeneza majedwali ya dakika gani Io itaingia kwenye kivuli cha Mshtarii, ili mabaharia na wapima ramani waweze kujua saa popote walipo. Ila saa hiyo ikawa na hitilafu. Miezi fulani ya mwaka ilikuwa inawahi, miezi mingine inachelewa. Mtu yeyote wa kazi yangu angesema saa ni mbovu. Ole Rømer, Mdenmark aliyekuwa akifanya kazi Paris, alitazama hitilafu ile mwaka 1676 akagundua kwamba inafuata utaratibu: Io inachelewa wakati dunia yetu inapoenda mbali na Mshtarii, na inawahi tunaposogea karibu. Saa ilikuwa nzima. Kilichokuwa kikichelewa ni habari yake. Mwanga unachukua muda kusafiri. Rømer alikadiria kwamba kuvuka njia ya dunia kutoka upande hadi upande mwanga huchukua dakika 22. Leo tunajua ni kama dakika 16 na sekunde 38, lakini mtu aliyekuwa na bomba la lenzi na saa ya pendula kukaribia namna hiyo ni jambo la kuvuliwa kofia.

Tangu nilipolielewa hilo, siitazami anga kama zamani. Mteja akiniletea saa iliyochelewa namuuliza imechelewa kiasi gani, na sasa kila kitu cha juu nakiuliza swali lile lile. Mwezi umechelewa sekunde moja na robo. Jua, dakika nane na sekunde ishirini. Mshtarii wa Januari, dakika 35: nikiuona, mwanga ule uliondoka pale muadhini wa Isha hajashika kipaza sauti. Hapo bado tuko nyumbani. Nyota ya jirani kabisa imechelewa miaka minne na zaidi. Kilimia, kile ambacho wazee wetu walikitegemea kwa kulima, wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kimechelewa kama miaka 440. Kwa jicho tupu nahesabu nyota sita. Kwa mara 26 zinajaa kioo chote, buluu-nyeupe, kama chumvi iliyomwagika kwenye kaniki.

Na chini ya mkanda wa Jabari, kundi la nyota ambalo vitabu vya Ulaya vinaliita Orion, kuna kitu ambacho nakuomba usife hujakiona. Kwa macho ni nyota yenye ukungu. Kwenye darubini ni wingu lenye mabawa mawili, na ndani ya moyo wake nyota nne ndogo zimekaa kama pembe za jamvi. Nyota zinazaliwa mle. Nitasema ukweli: hakuna rangi. Ni kijivu, pengine kijani cha mbali sana, na mtoto aliyezoea picha za simu atauliza ni hii tu? Mwambie akae dakika tano jicho lizoee giza, asitazame simu, na atazame kidogo pembeni ya wingu badala ya kulikazia. Litaanza kukua. Mwanga wake umesafiri kama miaka 1,300, ulianza safari karne za mwanzo za Hijria, ukapita kote huko bila kuguswa na kitu, na mwisho wake ni ndani ya jicho lake. Picha ya simu imepigwa na mtu mwingine. Mwanga huu ni wake yeye peke yake, umeishia kwake.

Wanangu waliniomba niwapimie ukubwa wa yote haya kwa kitu wanachokijua. Tukachukua chungwa la sentimita 10 tukasema ndilo jua, tukaliweka mwanzo wa Ndia Kuu karibu na Ngome. Dunia ikawa mbegu ya mchicha, hatua kumi na nne hivi kutoka chungwa, mita 10 na kitu. Mshtarii ni njugu mawe moja, mita 56. Zohali, mita mia na kidogo. Neptuni, iliyo ya mwisho, mita 320 na kitu, tukatembea hadi huko tukiwa tumeshika punje ndogo ya mtama. Kisha mkubwa akauliza, na ile nyota ya jirani? Nikapiga hesabu mara mbili kwa sababu sikuiamini. Kilomita 2,880 hivi. Kutoka hapa hadi Makka ni kama kilomita 2,830. Mmoja wao akageuka kaskazini, upande wa kibla, akasimama anatazama ule mtaa. Kutoka kwenye chungwa letu hadi kwenye nyota inayofuata hakuna kitu kikubwa njia nzima.

Sasa niseme jambo ambalo huenda ni la mafundi saa tu. Ukiacha darubini bila kuisukuma, nyota inavuka kioo na kutoka. Kwa mara 65 huchukua kama dakika tatu. Ule mwendo si wa nyota, ni wa paa lako: Mombasa inazunguka pamoja na dunia kwa zaidi ya kilomita 1,660 kwa saa. Nilipouona mwendo ule mara ya kwanza nilijua nimepata kifaa cha kupimia saa. Nikatoboa bati kwa msumari, nikalipigilia kwenye nguzo ya paa, jicho langu likawa linakaa mahali pamoja tu. Mbele kuna ukingo wa mnara wa msikiti ulio mbali kidogo. Januari, baada ya Isha, nyota moja inashuka magharibi na kupotea nyuma ya ukingo ule ghafla, kama mtu aliyezima taa. Vitabu vya Ulaya vinaiita Fomalhaut, lakini sema polepole: Fumu-l-hut, mdomo wa samaki.

Usiku wa kwanza niliandika saa, dakika na sekunde ilipopotea. Usiku wa pili ikapotea dakika 3 na sekunde 56 mapema zaidi. Usiku wa tatu vivyo hivyo. Dunia inamaliza mzunguko wake mmoja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Hizo dakika nne tunazoongeza kufikisha ishirini na nne ni kwa sababu ya safari yetu kulizunguka jua. Kwa siku saba tofauti ni dakika 27 na sekunde 31, na saa yoyote ya kutia ufunguo iliyo mezani kwangu naweza kuihukumu kwa hesabu hiyo. Babangu alisahihisha saa kwa redio, kwa zile pipu za kila saa. Alifariki mwaka 2001, nikairithi meza. Fomalhaut iko umbali wa miaka 25 ya mwanga. Mwanga niliousahihishia saa Januari 2026 ulitoka kule mwaka ule ule.

Mambo ya hapa petu ambayo kitabu cha maelezo hakisemi: kisiwani taa ni nyingi, na upande wa Kilindini anga ni ya rangi ya machungwa usiku kucha kwa taa za bandari. Sayari na mwezi hazijali. Vitu vya ukungu vinajali sana. Nikitaka hivyo napakia sanduku kwenye tuktuk, au naenda kwa shemeji yangu Takaungu, ambako Njia Nyeupe inaonekana imetandazwa upeo hadi upeo. Tumebahatika kwa mahali tulipo: karibu na ikweta anga zote mbili ni zetu. Suheli, iliyowaongoza manahodha hadi jina lake likawa jina la kusini, inapanda vizuri. Andromeda nayo inapanda Novemba upande wa pili, wingu dogo ambalo Abdulrahman al-Sufi aliliandika mwaka 964, na leo tunajua ni galaksi nzima, yaani mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, umbali wa miaka ya mwanga milioni 2.5. Mtu wa London haioni Suheli kabisa.

Chumvi na unyevu ni adui. Skrubu mbili za mkono wa kulengea zilishika kutu mwezi wa tatu, nikazibadilisha. Lenzi ndogo zihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, la sivyo kuvu itazila. Kioo kikubwa usikifute kwa kitambaa hata siku moja. Masika yakianza, ifunike uisubiri. Miezi mizuri ni Desemba hadi Machi mwanzoni. Na usiielekeze juani kabisa, hata kwa mzaha, hata kwa sekunde moja. Jicho haliuzwi. Kwa kutafuta njia, nilitumia Stellarium kwenye simu, programu ya ramani ya nyota, ya bure, nikiweka mahali pawe Mombasa na mwangaza wa simu uwe mwekundu.

Mteja wangu mmoja, mzee aliyekuwa akipeleka mashua upande wa Ngomeni, Malindi, alipanda kuchungulia akanikumbusha kwamba haya mambo si mageni pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini pale Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kutazama miale ya eksirei kutoka angani. Ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru, na wakaipa jina hilo: Uhuru. Ndiyo iliyosaidia kuonyesha kwamba kule kwenye kundi la nyota la Cygnus kuna kitu kinachomwaga miale kwa kupapatika ndani ya sehemu ya sekunde, ambacho baadaye kilikubaliwa kuwa shimo jeusi, kitu chenye mvuto ambao hata mwanga hauponyoki. Setilaiti yenye jina la Kiswahili. Mzee aliniambia walisikia ngurumo, hawakujua ni ya nini.

Kwa hivyo: kioo nakipa tisa juu ya kumi. Lenzi mbili za kuchungulia zilizokuja nayo, saba. Kitaa chekundu cha kulengea, nane, ila zima betri ukimaliza. Stendi na kitabu, kwa mtu wa Mombasa, viwili. Pesa zote pamoja na sanduku la seremala ni shilingi 35,300, na ningezitoa tena kesho.

Yule seremala amekwisha tengeneza masanduku matatu. La nne limeagizwa na walimu wa madrasa moja hapa jirani waliopata darubini ya msaada yenye stendi kama yangu, imekaa stoo miaka miwili bila kutumika. Nimewaahidi kwenda Alhamisi baada ya Isha na bisibisi, nikawanyooshee vioo.